Naomba ushauri: hesabu na sayansi kwa vitendo kwa watoto wa miaka 4 hadi 6

Habari zenu wakuu. Nipo Tanga mjini, jioni nakaa na watoto wa jirani barazani nawafundisha. Vifaa vya dukani sina. Natumia vizibo vya soda, kete za bao na makombe tunayookota ufukweni Raskazone.

Kuhesabu wanajua. Shida ni kujumlisha. Mtoto ana vizibo 5, ukimwongezea 3 anarudi mwanzo: moja, mbili, tatu... badala ya kuendelea sita, saba, nane. Nimwache akomae mwenyewe, au kuna mchezo wa kumvusha hapo?

La pili ndilo limenikalia kooni. Niliweka yai bichi kwenye glasi ya maji ya bomba, likazama. Nikatia chumvi, koroga, ongeza, mpaka yai likapanda juu lenyewe. Kelele zake msiulize! Nikawaambia maji ya chumvi ni mazito. Binti mmoja (huyu ana maneno kama wakili) akainyanyua ile glasi, akaishusha: "Mbona si nzito?" Wa umri huo unamweleza vipi kwamba tunalinganisha ujazo uleule, bila kumpa maneno ya sekondari?

Nafikiria pia kuwapeleka ufukweni bamvua ijayo (siku bahari inapojaa na kupwa sana), tuchomeke kijiti tuone maji yanavyojaa na kupwa. Kuna aliyejaribu na wadogo hivi?

Wazazi wengine wananiambia nachezesha tu watoto, hao niachieni mwenyewe. Walimu wa chekechea, nisaidieni kwanza hilo la yai.