Tupeane uzoefu: kisima kilichimbwa, kisha ikawaje?

Wakuu, salaam. Nilikuwa kibarua wa kubeba mabomba siku kisima kirefu kilipochimbwa kijijini kwetu. Maji yaliporuka, shangwe ilikuwa haisimuliki. Mwaka wa pili pampu ikagoma, tukarudi mtoni na madumu yetu. Kilichokufa ni raba moja ndani ya silinda, inaenea kiganjani. Kwenu baada ya uzinduzi ilikuwaje? Nataka mliyoyaona kwa macho, siyo ya kwenye semina.

FundiPampu: Hiyo raba naijua vizuri! Pampu ya mkono aina ya Afridev iliundwa makusudi ili mtu wa kijijini avute pistoni na kubadili raba bila kung'oa mabomba. India Mark II ya kawaida unavuta bomba zote juu, chuma tupu, na kundi la wanaume wanahema. Mfadhili huleta anayoipenda yeye. Pia niliwahi kukuta mabomba ya chuma yameliwa na maji yenye asidi: maji mekundu, ladha ya kutu, watu wameshahamia dimbwini. Kwenye ripoti kisima kiliandikwa kinafanya kazi.

MjumbeWaKamati: Sisi hela tulikuwa nazo. Tulichanga kila mwezi, pampu ikakaa miaka mitatu bila kuharibika, hela zikaonekana zimelala bure. Zikakopeshwa. Mnajua zilikoishia. Siku hizi tukichanga tunanunua vipuri mapema, tunavifungia sandukuni. Raba hakuna anayekuja kuikopa.

NesiMstaafu: Mimi niliumbuka. Tulipima maji pale bombani, safi kabisa. Tukapima ya kwenye ndoo majumbani, tukakuta bakteria wa kinyesi. Kikombe kinazamishwa pamoja na vidole vya mchotaji, ndoo haina kifuniko. Tukahamasisha madumu ya mdomo mwembamba na ndoo zenye koki, kuhara kukapungua. Nikakosea tena kwenye klorini: niliwapa kipimo kimoja kwa maji ya kisima na ya mtoni. Maji ya tope huimaliza dawa kabla haijaua kitu. Kwanza yaache yatuame, chuja kwa kitambaa, ndipo utie dawa na kusubiri nusu saa. Yule mama aliyeniambia "dawa yako haifanyi kazi" alikuwa sahihi, nami nilimjibu vibaya.

MenoYaKahawia: Jina langu linajieleza. Maji yetu yalikuwa maangavu kama kioo, na nyumbani tulichemsha kwa bidii. Kumbe tatizo ni floraidi, madini ambayo yakizidi majini hutia meno rangi ya kahawia. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, yetu ilizidi mbali. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki imekolea zaidi. Sasa tunakinga mvua ya mapaani kwa kunywa, tukimwaga ile ya mwanzo inayosafisha paa. Kisima kimebaki cha kufulia. Meno ya wadogo zangu yako meupe, yangu ndiyo hivyo tena.

Mgeni_77: Kwetu wachimbaji wanakuja wiki ijayo. Niwaulize nini?

FundiPampu: Majibu ya maabara kabla pampu haijafungwa. Halafu uliza spana zitabaki kwa nani. Zikiondoka na gari lao, nitafute mapema.