Mjadala: Helikopta za kijeshi zilizostaafu ziendelee kuruka, au zibaki makumbushoni?

Mwanzilishi wa mjadala

Ndugu wapenzi wa helikopta, naomba tujadili kwa utulivu jambo linalotugawa kila zinapotajwa helikopta za kijeshi zilizostaafu: je, zile chache ambazo bado ni nzima ziendelee kurushwa, au ziwekwe katika majumba ya makumbusho na zisiondoke ardhini tena? Hili si suala la mashabiki peke yao. Helikopta hizo zilinunuliwa kwa fedha za walipa kodi, zilibeba askari na majeruhi ambao familia zao zingali zinawakumbuka, na zinaporuka leo hupita juu ya nyumba za watu ambao hakuna aliyewauliza kama wanaridhia.

Msimamo wangu ni huu. Kipimo kisiwe umri wa helikopta wala umaarufu wa aina yake, bali kile ambacho helikopta hiyo moja imekibeba mwilini mwake. Ikiwa bodi yake yenyewe ni ushahidi wa tukio, basi isiruke tena. Ikiwa ni moja kati ya maelfu ya helikopta zinazofanana, na mafundi wanaoijua bado wapo, sioni sababu ya kuifungia ndani.

Chukulieni helikopta ya aina ya Wessex yenye namba XP142, ambayo mabaharia waliipa jina la Humphrey. Ipo katika makumbusho ya Fleet Air Arm, yaani tawi la anga la jeshi la wanamaji, huko Yeovilton, Uingereza. Mnamo Aprili 1982, wakati wa vita vya Falkland kati ya Uingereza na Argentina, katika kisiwa cha South Georgia, ilitumwa pamoja na Wessex nyingine mbili kuwaondoa askari wa SAS, kikosi maalumu cha Uingereza, waliokwama kwenye barafu ya Fortuna katikati ya dhoruba. Zile mbili zilianguka, kwa sababu theluji ilikuwa nyingi kiasi kwamba rubani hakuweza kutofautisha ardhi na mbingu. Humphrey ikarudi baadaye na kuwabeba wote waliobaki barafuni kwa mkupuo mmoja, ikiwa imeelemewa na uzito. Siku chache baadaye ilishiriki kuilemaza nyambizi ya Argentina iliyoitwa Santa Fe. Ukisogea karibu na ubavu wake utayaona matundu iliyoyapata katika vita vile. Kuirudisha angani kungemlazimu fundi akate bati lile, aweke jipya na kulifunga kwa ribiti mpya, na siku ambayo angemaliza kazi hiyo tungekuwa tumepata Wessex moja zaidi inayoruka na kuipoteza Humphrey.

Sasa ilinganisheni na Bell UH-1, ambayo askari waliiita Huey. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 20 Oktoba 1956, na zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Makumbusho yakishahifadhi za kutosha, zitabaki nyingine nyingi zisizo na historia ya pekee. Na kuna jambo moja la Huey ambalo jumba la makumbusho haliwezi kulihifadhi, nalo ni mlio wake. Pangaboi lake kuu lina mapanga mawili tu, mapana, na katika UH-1H duara lake lina kipenyo cha mita 14.6. Helikopta inapoteremka, kila panga hugonga msukosuko wa hewa ulioachwa na lenzake, na ncha ya panga linaloelekea mbele huenda kwa kasi inayokaribia ya sauti. Hapo ndipo unapotokea ule mpigo mzito ambao husikika mbali, muda mrefu kabla helikopta yenyewe haijaonekana. Kwa aliyejeruhiwa huko Vietnam, mpigo ule ulimaanisha kwamba kuna mtu anakuja kumchukua. Hakuna kinasa sauti kinachoweza kuurudisha kikamilifu, kwa sababu sehemu yake kubwa husikika kifuani.

Naomba wenye maoni tofauti wayatoe bila kusita.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzilishi, nimefanya kazi katika karakana za helikopta kwa muda mrefu, na kuhusu Humphrey nakubaliana nawe kabisa. Ninachokipinga ni kipimo chenyewe, kwa kuwa mtu akikifuata kwa ukamilifu hakitamfikisha unakokusudia.

Tazama Chinook ZA718 ya Jeshi la Anga la Uingereza, inayojulikana kwa jina la Bravo November. Tarehe 25 Mei 1982, katika vita vile vile vya Falkland, meli iliyoibeba iitwayo Atlantic Conveyor ilipopigwa kwa makombora ya Exocet, helikopta hii ilikuwa hewani, na ndiyo maana ilinusurika ilhali Chinook nyingine tatu ziliteketea pamoja na meli. Iliendelea na kazi hadi Iraki na Afghanistan, marubani wanne walitunukiwa nishani ya Distinguished Flying Cross kwa yale waliyoyafanya wakiirusha kwa nyakati tofauti, na mwaka 2022 ikapelekwa makumbushoni Cosford, Uingereza. Lakini katika miaka hiyo arobaini iliboreshwa mara kadhaa, kutoka toleo la HC1 hadi HC6A. Helikopta ni mkusanyiko wa vipuri, na vile vilivyo nyeti kila kimoja kina kumbukumbu yake ya saa za kuruka. Kikifikisha ukomo wake kinatolewa hata kama macho hayaoni kasoro. Kwa hiyo unaposema ushahidi uko mwilini, ni mwili upi unaouzungumzia?

Tena kuna mfano unaokigonga kipimo chako moja kwa moja. Huey namba 65-10091 ilidunguliwa Vietnam mwaka 1967. Kwa hoja yako ilipaswa kuachwa kama ilivyo. Badala yake ilikarabatiwa, na mwaka 2002 ikazungushwa Marekani kwa safari ya takriban maili 10,000, ikitua mahali ambapo askari wa zamani na familia za waliofariki walikuwa wakiisubiri. Baada ya safari hiyo ndipo ilipoingia katika Jumba la Kitaifa la Makumbusho ya Historia ya Marekani mjini Washington. Je, kuna anayeweza kusema kwamba thamani yake ilipungua kwa sababu iliruka?

Kuna na jambo ambalo watu wa makumbusho hawapendi kulisikia, kwamba helikopta isiyozungushwa nayo huharibika. Mipira ya kuzuia mafuta hukauka na kupasuka. Mafuta ya giaboksi hujikusanya chini na kuyaacha meno ya juu bila kinga. Wessex, na Sikorsky S-58 ambayo ndiyo iliyozaa Wessex, zina sehemu za aloi ya magnesiamu, metali nyepesi ambayo hewa ya chumvi huila hadi ikageuka unga mweupe. Nimeona helikopta zilizowekwa nje kama mapambo ya lango ambazo zilipakwa rangi kila baada ya miaka michache, na chini ya rangi hiyo hapakuwa na kitu cha kushika.

Hatimaye kuna ujuzi. Shina la panga la helikopta ya Sea King lina uwazi ndani yake uliojazwa gesi yenye shinikizo, na karibu na mzizi wa panga kuna kionyeshi kidogo; ufa ukitokea, gesi huvuja na kionyeshi hubadilika rangi. Haya kijana anaweza kuyasoma kitabuni. Hata hivyo, fundi ni yule aliyepanda juu alfajiri, akakitazama kionyeshi hicho kwa karibu, akashuka na kumwambia rubani kwamba leo hairuki, huku watazamaji wakiwa tayari wamejaa uwanjani. Uamuzi wa namna hiyo haufundishwi kwenye helikopta ambayo haitaruka kamwe.

Mchangiaji wa pili

Mchangiaji wa kwanza ameeleza vizuri jinsi vipuri vinavyobadilishwa, lakini hakutuambia vinatoka wapi. Kiwanda kikishaacha kutengeneza, kipuri cha helikopta ya zamani hutoka katika helikopta nyingine ya zamani. Nyuma ya kila moja inayoruka zipo zilizochunwa mpaka zikabaki magofu, na miongoni mwa hizo kuna ambazo zingeweza kuwa fahari ya jumba fulani la makumbusho.

Bristol Sycamore ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko nyingine. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1947 na mapanga yake yalikuwa ya mbao. Jeshi la Anga la Uingereza lilipoitumia katika nchi ya Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, joto na unyevu wa huko viliyatesa mapanga hayo, na ajali zikatokea. Ipo moja ambayo kikundi cha Flying Bulls cha Salzburg, Austria, kiliifufua na kuirusha, na sina shaka na umahiri wa mafundi wake. Hata hivyo, seti moja ya mapanga ya mbao ikiharibika, hakuna duka la kwenda kununua nyingine.

Pia ipo Lynx yenye usajili wa G-LYNX, ambayo tarehe 11 Agosti 1986 iliweka rekodi ya dunia ya kasi ya helikopta, kilomita 400.87 kwa saa, na sasa ipo katika makumbusho ya helikopta ya Weston-super-Mare. Thamani yake yote imo katika yale mapanga yenye ncha pana za umbo la kasia. Tungepata nini kwa kuirusha polepole mbele ya umati? Mtu anayetaka kujua rekodi ile iliwezekanaje anahitaji kusimama chini ya ncha ile na kuitazama kwa muda anaoutaka, jambo ambalo uwanja wa maonyesho hauwezi kumpa.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba hatari iko kwa helikopta peke yake. Tarehe 22 Juni 2022, karibu na mji wa Logan katika jimbo la West Virginia, Huey ya zamani ya aina ya UH-1B ilianguka na kuwaua watu wote sita waliokuwamo. Ilikuwa ni wakati wa mkusanyiko wa kila mwaka wa wapenzi wa helikopta hiyo, ambapo watu wa kawaida waliweza kujiandikisha ili wapande. Kabla ya hapo, mwaka 2019, ndege ya mabomu ya B-17 iliyokuwa ikibeba abiria wa kujifurahisha ilianguka katika jimbo la Connecticut, watu saba wakafa, na mwaka uliofuata mamlaka ya anga ya Marekani ikaifutia taasisi iliyokuwa ikiirusha kibali cha kubeba abiria. Huko Shoreham, Uingereza, mwaka 2015, ndege ya kivita aina ya Hunter iliangukia barabara na kuua watu 11. Hao hawakuwa wamepanda ndege yoyote, walikuwa barabarani.

Askari aliyepanda Huey vitani alijua anaingia katika nini. Abiria anayelipa ili afurahi hawezi kuupima uchovu wa chuma ambao hata fundi huupima kwa vifaa. Kwa hiyo mimi nasema ziruke zile zinazostahili, zikiwa na rubani na mafundi wake tu, mbali na makazi, na biashara ya kuuza viti ikome.

Mchangiaji wa kwanza

Naiheshimu hoja hiyo na sitaibishia kwa kuwataja waliosalimika. Naomba tu ieleweke gharama yake. Huey hunywa zaidi ya lita 300 za mafuta kwa saa, mbali na bima na vipuri. Katika vikundi vingi ni abiria ndiye anayelipia saa za kuruka ambazo rubani huzihitaji ili asipoteze wepesi wa mikono yake, na rubani anayeruka mara mbili kwa mwaka kwa kukosa fedha ni hatari kubwa kuliko abiria aliyekaa nyuma.

Mwanzilishi wa mjadala

Nawashukuru. Nijibu kwanza kuhusu Bravo November, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipobanwa zaidi. Kipuri kilichobadilishwa wakati helikopta ingali vitani au kazini ni sehemu ya historia yake: jeshi lilihitaji iruke, na mabadiliko yale yanatueleza jeshi lilivyoitumia. Kipuri tunachokibadilisha sisi, baada ya kustaafu, ili tuone tena ikipita mbele yetu, hakielezi chochote isipokuwa hamu yetu. Ndiyo maana naona ZA718 ilifika makumbushoni ikiwa kamili, pamoja na injini zake za baadaye, na kwamba kuirudisha katika hali ya mwaka 1982 kungekuwa kosa sawa na kuyaziba matundu ya Humphrey.

Kuhusu Huey 65-10091, nakubali kwamba safari ile iliwapa watu kitu ambacho jumba lolote lisingewapa. Lakini ilifanyika wakati waliopanda Huey ujanani walikuwa bado wengi na wenye nguvu za kusafiri, na safari ilikuwa na mwisho: iliruka, ikatua, ikakabidhiwa. Huo ndio utaratibu ambao ningependa uwe kanuni kwa helikopta yenye historia yake mahususi. Ipewe muda wa kuruka uliotangazwa tangu mwanzo, kila kipande cha asili kitakachotolewa kipigwe picha, kiwekewe lebo na kihifadhiwe pamoja nayo, na jumba litakaloipokea lijulikane kabla injini haijawashwa. Pale ambapo jeraha la vita limo katika bati lenyewe, kama kwa Humphrey, hata muda huo usitolewe.

Katika suala la abiria nasimama na mchangiaji wa tatu. Hoja ya fedha ni nzito, ila inaonyesha tu kwamba kikundi kisichoweza kulipia saa za rubani wake bila kuuza viti hakina uwezo wa kurusha helikopta hiyo. Kikubali kuiwasha ardhini mbele ya wageni, pangaboi likizunguka na watu wakiwa nyuma ya kamba, jambo ambalo hulainisha mipira, huyafikisha mafuta kwenye meno ya juu ya giaboksi na huwapa mafundi vijana kazi halisi ya kujifunzia.

Limebaki suala la mchangiaji wa pili kuhusu vipuri, na hilo nalirudisha karakanani. Ndugu mchangiaji wa kwanza, seti ya mwisho ya mapanga ya aina fulani ikikaribia ukomo wa saa zake, na seti nyingine pekee iliyosalia duniani ikawa imefungwa kwenye helikopta iliyomo ndani ya jumba la makumbusho, utaiomba au utaitua yako?