Risasi gani ya .44 Magnum kwa elki?

MgeniMontana: Habari zenu wakuu. Niko Montana huku, kulungu wadogo nimeshapiga kadhaa na rivolva ya .44 Magnum, msimu huu nataka elki, wale kulungu wakubwa wa milimani. Siku zote natumia zile risasi zenye shimo puani, uzito greni 240 (kama gramu 15 na nusu), kulungu hafiki mbali. Jamaa ninayewinda naye anasema dume la elki nitalijeruhi tu likafie porini nisilipate. Kweli? Dukani aina kibao na bei imesimama, na sitaki mnyama ateseke.

Babu_Kitunda: Kakwambia kweli. Ile ya shimo ikiingia kwenye nyama inatanuka kama uyoga, kwa kulungu wa kilo 70 safi kabisa maana mbavu nyembamba na mapafu yako karibu, ila dume la elki linafika kilo 300 na zaidi, ikikutana na mfupa wa bega inatanuka mapema mwendo unakufa inaishia njiani. Bastola haina nguvu ya bunduki ndefu mdogo wangu, inaua kwa tundu, kwa hiyo tundu liingie huku litokee kule, ndo unapata na damu ya kumfuatilia. Chukua zile ngumu za kumiminwa, madini ya risasi yamechanganywa na bati na antimoni, pua pana iliyo bapa, greni 300 hivi. Za pua ya mviringo achana nazo.

mamaZuu: Za shaba tupu nazo nzuri, zinatanuka bila kumeguka. Mimi niko California, huku za madini ya risasi ni marufuku kuwindia tangu Julai 2019 so sina jinsi, na sijajuta. Ila ukibadili uzito rudi kwenye shabaha upya, nzito kwenye rivolva mara nyingi zinapiga juu zaidi. Na usizidi mita 50 tafadhali.

Babu_Kitunda: Eeh na kitu kingine, greni 300 zina teke, ukipiga moja, kichwa cha zile ambazo bado ziko kwenye silinda kinaweza kuchomoka kwenye ganda kikasogea mbele silinda ikagoma kuzunguka, na elki yuko mbele yako. Jaza sita, piga tano, ile ya sita itoe uipime na mpya.

MgeniMontana: Shikamoo babu, nimepima leo. Ya sita imechomoza karibu milimita mbili, boksi hilo siendi nalo porini, kesho natafuta za kampuni nyingine nipime tena.