Heata ya kuogea inatoa maji vuguvugu: elementi imechoka au ni waya?

Mnyalu_Mafinga:
Kamwene wakuu. Baridi ya Juni huku Mafinga mnaijua. Heata ya bafuni imeandikwa 220V, 5400W, ila maji ni vuguvugu tu. Fundi anasema elementi (ile koili ya ndani inayopasha maji) imechoka, ninunue nyingine. Kabla ya kuwasha napata 226V. Ikiwaka, klampu mita (ile ya kupima ampea kwa kukumbatia waya) inasoma 20.4A. Nikagawanya nipate ukinzani: 226 ÷ 20.4 = 11.1Ω (ohm). Waya ni wa 2.5 (milimita za mraba), mita 30 toka meni swichi. Nitoe hela au nisubiri?

Volti_Kihesa:
Subiri. Umegawanya volti za heata ikiwa imezimwa kwa ampea za heata ikiwaka. Jibu hilo limebeba ukinzani wa elementi pamoja na wa njia nzima ya waya. Mwambie fundi apime volti kwenye ncha za heata maji yakitoka na ampea zikisomeka. Na klampu ikumbatie waya mmoja. Ikikumbatia yote miwili itasoma sifuri.

Mnyalu_Mafinga:
184V. Ampea zilezile 20.4.

Volti_Kihesa:
Basi elementi ni 184 ÷ 20.4 = 9.02Ω. Ya kiwandani: 220 × 220 ÷ 5400 = 8.96Ω. Nzima kabisa, usinunue.

Nguvu unayopata ni 184 × 20.4 = 3,754W. Kwa lita 3 kwa dakika, hiyo inapandisha maji nyuzi 18 hivi. 5400W zingepandisha 26. Bomba likitoa maji ya nyuzi 14, unaogea 32. Lazima utetemeke.

Dada_Saketi_Uyole:
Naongezea. Volti 42 zinapotea njiani, yaani 42 × 20.4 = 857W zinapasha kitu kisicho maji. Shaba ya 2.5 ina 7.41Ω kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni mita 60 (wengi husahau kurudi), sawa na 0.44Ω, inakula 9V tu. Zilizobaki ziko wapi? Pimeni meni swichi heata ikiwaka.

Mnyalu_Mafinga:
Meni swichi 215V.

Dada_Saketi_Uyole:
Kumbe 11V zinaishia nje, 31V ndani ya nyumba. Toa 9 za waya, zinabaki 22V kwenye kiungio fulani: 22 × 20.4 = 449W, karibu pasi nusu, ndani ya kitu kidogo kama kidole. Zima breka kuu sasa hivi, kaka, usiogee tena. Fundi afungue swichi ya heata na viungio vya darini.

Mnyalu_Mafinga:
Skrubu ya swichi ilikuwa imelegea, plastiki imeyeyuka. Darini kuna kiungio cha kusokota na tepu tu.

Volti_Kihesa:
Usikaze hiyo skrubu ukaridhika. Shaba iliyoungua hulegea tena. Vuta waya mpya wa 6, moja kwa moja toka meni swichi bila kiungio, breka yake ya 32A, swichi ya 45A, na waya wa ethi usikosekane. Utapata kama 23A, 209V kwenye heata, 4,850W hivi.

Mnyalu_Mafinga:
LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) si italia?

Dada_Saketi_Uyole:
Kidogo. Leo mita inahesabu 215 × 20.4 = 4,386W, kwa dakika 10 uniti 0.73. Baadaye itakuwa kama 0.83, ila kwa maji ya nyuzi 37.