«Incarnadine» katika Macbeth: tuliweke vipi kwa Kiswahili?

Swali, kutoka Lubumbashi
Jambo bandugu. Tunaandaa Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, kwa Kiswahili, tendo la 2, onyesho la 2. Mfalme Duncan ameshauawa, na Macbeth, muuaji wake, anatazama mkono wake: «The multitudinous seas incarnadine, / Making the green one red.» Mwenzetu, kwa mazoea ya Kifaransa, ameandika «kuzifanya mwili», kama incarner. Naona haiingii. Maana hasa ni ipi?

Jibu la 1
Haiingii, ndugu, ingawa mzizi ni mmoja: caro la Kilatini, nyama. Kiingereza kililipata kupitia Kifaransa na Kiitaliano likiwa jina la rangi ya nyama, waridi iliyofifia. Shakespeare akaligeuza kitenzi: kutia wekundu. Damu ya tamthilia hiyo ikaikoleza rangi yenyewe, ndiyo maana kamusi zinatoa mbili, waridi na nyekundu ya damu.

Sikilizeni pia sauti. Mstari wa kwanza una maneno marefu ya Kilatini, wa pili maneno mafupi, na wazo ni lile lile. Mkirefusha mistari yote miwili, pigo linapotea.

Mtego uko kwenye «one red». Chapa ya 1623 ina mkato baada ya one, kama kusema «ile ya kijani, nyekundu». Wahariri wengi wameuondoa, wakasoma wekundu mmoja, mtupu. Hapo Kiswahili kina neno lake tayari, pyu:

«Mkono huu utazitia wekundu bahari zisizo idadi, / kijani chote kiwe chekundu pyu.»

Jibu la 2
Naunga mkono «kutia wekundu». Msiandike «kutia damu»: neno blood, damu, limeshatajwa mistari miwili juu, na kitenzi chenyewe hakibebi damu. Mshairi FitzGerald, katika Rubaiyat zake za 1859, yaani mashairi ya Omar Khayyam aliyoyatafsiri, amelitumia kwa ua: ndege anaimba ili shavu la manjano la waridi lipate wekundu.

Muulizaji
Asanteni sana. Ila watazamaji wetu watasema bahari ni ya buluu. Tubadilishe?

Jibu la 1
Hapana, acheni kijani. Nguvu iko katika kijani kumezwa na nyekundu, buluu inaiua. Anayeijua malakiti, lile jiwe la kijani la Katanga, anakiona kijani hicho mara moja. Mwigizaji atulie kidogo kabla ya «kijani», kisha pyu alitoe fupi, bila kulivuta. Akilivuta, watu watacheka.