Mgonjwa aliyeomba kusaidiwa kufa akitaka kutoa figo, ni sawa?

mdadisi: Wadau, Ubelgiji na Uholanzi sheria inaruhusu daktari kumsaidia mgonjwa kufa tangu 2002, na wapo wanaotoa na viungo humohumo. Sasa mtu ameshajiona mzigo kwa familia, ukimwambia figo zako zitaokoa watu wawili si ni kama unamsukuma?

kipepeo: Ndo maana inatakiwa ombi la kufa lipitishwe kwanza ndo viungo viongelewe, na madaktari wa upandikizaji wasiwe haohao wanaomchoma sindano. Halafu wengi wanaotoa viungo hivyo si wa kansa, kansa ikishasambaa figo hazichukuliwi, ni wale wa magonjwa ya neva.

mzeekijana: Mi kinachonikwaza ni kingine, ili viungo vifae mara nyingi inabidi ufie hospitali jirani na chumba cha upasuaji, moyo ukisimama wanasubiri dakika 5 hivi wanakusukuma ndani, mkeo hata hajakuachia mkono. Hicho nacho ni kifo cha amani kweli?

mdadisi: Duh, hilo la dakika sikulijua.

kipepeo: Lakini mzee kama mwenyewe kaelezwa yote hayo na bado anataka, umkatalie kwa lipi? Na kughairi anaruhusiwa hata akiwa kitandani.