Tupeane uzoefu: mwalimu unamchaguliaje mtoto kitabu cha kusoma?

Mwl wa Igoma:

Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiswahili darasa la tano na la sita huku Igoma, Mwanza. Naomba tupeane uzoefu wa kumchagulia mtoto kitabu. Siongelei kiada, kiada serikali imeshakuchagulia, naongelea kile kitabu ambacho mtoto anaenda nacho nyumbani anakisoma na hakuna mtihani wowote nyuma yake.

Naanza mimi. Nilikuwa na kijana kila nikimpa hadithi ya sungura na fisi kesho yake asubuhi karudisha, "nimemaliza mwalimu", ukimuuliza ilikuwaje anaangalia chini. Walimu wenzangu wakawa wameshaamua kwamba huyu kusoma hajui. Siku moja saa ya mapumziko namkuta kakaa pembeni ya ukuta ana kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi, ukurasa wa michezo, anawasomea wenzie kwa sauti bila kukwama, na majina ya wachezaji wa nje yale magumu anayatamka yote. Kumbe mtoto anasoma vizuri tu, ni sungura ndo hamtaki. Basi nikaanza kumkatia habari za michezo nagandisha kwenye daftari, halafu nikakaa nikamwandikia kwa mkono kurasa mbili za Filbert Bayi, jinsi tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, alivyochomoka mbele tangu mwanzo wa mbio za mita 1500 akakaa mbele mpaka utepe, rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.16. Akairudisha na maswali, Bayi alikuwa anakula nini, alikimbia na viatu gani, wale wa nyuma kwanini hawakumfukuza mapema. Baada ya hapo akaja mwenyewe kuuliza kama kuna hadithi ya mtu anayekimbia, nikampa, na hiyo hakuirudisha kesho yake.

Kwahiyo sasa hivi kila muhula ukianza naandika jina la kila mtoto na kitu kimoja anachokipenda nje ya darasa. Darasa ni kubwa na inachosha kwakweli, ila bila hilo daftari nakuwa nagawa vitabu kama nagawa chaki. Na kitabu ambacho sijakisoma mpaka mwisho simpi mtoto.

Haya tupeane, walimu, wazazi, hata mliokuwa wanafunzi.

Madam KKK:

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mimi nipo darasa la pili huku Magu. Watoto wangu wengi wanaanza shule nyumbani wanaongea Kisukuma tu, Kiswahili wanakutana nacho darasani, kwahiyo kitabu chenye maneno mengi kwenye ukurasa mmoja kinawatisha kabla hujakifungua. Nikichagua kitabu naangalia picha kwanza, je mtoto akiiangalia picha bila kusoma anaweza kunisimulia kinachoendelea? Kama hawezi nakiweka pembeni.

Kwa wale walioanza kusoma vizuri natumia vidole vitano. Anafungua ukurasa wa katikati anasoma, kila neno linalomshinda anakunja kidole, vidole vikiisha kabla ya ukurasa kuisha kitabu bado kigumu kwake, tunakitunza. Na asipokunja hata kimoja namtafutia cha juu kidogo. Uzuri wake ni kwamba mtoto anajipima mwenyewe, hakuna wa kumwambia mbele ya wenzie kwamba wewe hiki huwezi.

Lakini kitabu kinachoazimwa kuliko vyote darasani kwangu hakijatoka duka lolote. Niliwaambia kila mmoja akamuulize bibi au babu hadithi moja, waje wanisimulie, hata kwa Kisukuma sawa tu, tukakaa tunatafuta pamoja Kiswahili chake, mimi naandika wao wanachora. Karatasi ni migongo ya kalenda za zamani, ngumu haichaniki ovyo, tumeshona kwa uzi wa nyavu tuliopewa na mzazi mmoja mvuvi. Wanagombania hicho, kila mtu anatafuta ukurasa wa bibi yake!

Pia mwenye simu yenye intaneti aangalie African Storybook, kuna hadithi fupi za Kiswahili zenye picha, ngazi kwa ngazi, bure, na wanaruhusu kuchapa. Mimi nachapa kwenye duka la steshenari rangi nyeusi tu watoto wanapaka wenyewe.

nansio_kwetu:

Mwalimu wa Igoma asante kwa uzi huu. Mimi nipo sekondari, Ukerewe. Wakuu sisi wa kisiwa hiki tumebarikiwa waandishi na watoto wetu hawajui. Mzee Aniceti Kitereza ni wa hapa hapa, aliandika ile riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, wachapaji hakuna, miaka zaidi ya thelathini imepita ndo ikatoka kwa Kiswahili alichotafsiri yeye mwenyewe, na yeye akafariki 1981. Nikiwasimulia wanafunzi hiyo habari tu ya mtu kukaa na kazi yake muda wote huo darasa linatulia.

Sasa huwezi kumkabidhi mtoto wa kidato cha kwanza riwaya nene vile ukamwambia haya soma, utamuua hamu. Mimi nachagua vipande. Naanza na pale ndugu za mke wanapomchukua binti yao kwa sababu hakuna mtoto, halafu mume anavyohangaika kutafuta pombe ya ndizi ya kupeleka ukweni ili arudishiwe mke. Nasoma kwa sauti, mzoea kijiji mmoja darasani atasema "mwalimu hata kwetu babu alisema hivyo", mabishano yanaanza, naacha wabishane, kengele ikigonga nafunga kitabu. Wawili watatu watakuja ofisini kuuliza iliishaje. Hao ndo nawapa kitabu chenyewe.

Rosa Mistika ya Kezilahabi (naye wa huku huku) nimekuwa naiachia kidato cha tatu kwenda juu na nakaa nayo karibu. Sio kwamba ni mbaya, ni kwamba ina maumivu na mwisho wake ni mzito, msichana wa miaka 13 akiisoma peke yake usiku hana wa kumuuliza.

Mama wa Pasiansi:

Hapo kwa Rosa Mistika naomba nitofautiane na wewe mwalimu kwa heshima. Binti yangu aliisoma akiwa darasa la saba, aliitoa kwenye shelfu la baba yake. Tuliongea mambo mle jikoni ambayo sikujua ningeyaanzaje, baba mkali na mlevi anavyoweza kumharibia mtoto, wanaume wanaomsubiri msichana njiani. Wasichana wetu wanayaona haya kabla ya kidato cha tatu.

nansio_kwetu:

Mama nakuelewa na nakubaliana na sehemu kubwa, wewe ulikuwepo jikoni. Wengi wa kwangu wanakaa geto karibu na shule, wazazi wako visiwa vya mbali, jioni hakuna mtu mzima wa kuongea nae. Ndo maana nasema nakaa nayo karibu. Mtoto mwenye mtu wa kuongea nae nyumbani nampa mapema, nimeshafanya hivyo.

mzazi_Buswelu:

Mimi kwa upande wa mzazi. Mwanangu alikuwa shule moja ya binafsi, tukapewa orodha ya vitabu vya kununua, vyote Kiingereza, bei sio mchezo, na karibu vyote ni watoto wanacheza kwenye theluji na kuku wa Krismasi mezani. Nikamuuliza mwalimu wa darasa kwa upole ni kipi kati ya hivi ulikipenda wewe, hakuwa amesoma hata kimoja, orodha imetoka kwa muuzaji. Sina shida na Kiingereza, mwanangu anakihitaji, ila orodha ya muuzaji siwezi kuiita ushauri wa mwalimu. Mwaka uliofuata akapata mwalimu mwingine, yule hana orodha, kila Ijumaa anakuja na kitabu kimoja anawaambia watoto nimekisoma wiki hii, kilinichekesha hapa, nililia hapa, nani anakitaka. Mtoto anarudi nyumbani analalamika kawahiwa na mwenzie!

mkutubi_mstaafu:

Vijana poleni na majukumu. Niongeze la usalama maana naona halijaguswa. Mtakumbuka Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, vikiwemo vya watoto vya kutoka nje vilivyokuwa vinasomwa sana. Baada ya pale kuna shule nilizozifahamu zilifungia kabati lote la hadithi kwa woga, hata vile visivyo na tatizo lolote. Uangalifu sio kufuli. Uliza kama kitabu kina ithibati, halafu kaa kitako ukisome kurasa zote mwenyewe, usisome nyuma ya jalada tu. Ithibati inakwambia kitabu kinaruhusiwa, haikwambii kama mtoto wa Misungwi atakipenda. Hiyo ni kazi ya mwalimu.

Na maktaba ya mkoa ipo pale mjini, walimu nilikuwa nawaona wachache sana. Nenda Jumamosi, keti sehemu ya watoto, angalia vitabu gani vimechakaa pembeni. Vile vilivyochakaa ndo watoto wenyewe walivyovichagua.

Mwl wa Igoma:

Shikamoo mzee wetu. Hilo la kabati kufungwa ni kweli kabisa, na watoto walioumia ni wale ambao nyumbani hakuna hata kitabu kimoja.

ticha_Misungwi:

Naomba nieleze kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Nina mwanafunzi mwenye ualbino. Kwa historia ya kanda yetu ya ziwa mnajua mtoto kama huyu na familia yake wanaishi na hofu gani, mama yake anamleta na kumfuata. Alikuwa haazimi kitabu chochote na wengi walidhani ni mvivu. Kumbe haoni. Mwenye ualbino macho yake yanakosa ile rangi inayokinga mwanga, uoni unakuwa hafifu na miwani haimalizi tatizo lote, wengine macho yanachezacheza yenyewe. Vitabu vyetu vingi vya hadithi vina herufi ndogo na karatasi ya kung'aa, ile ya kung'aa inamrudishia mwanga machoni, anaona weupe tu.

Kwahiyo kwake nachagua kitabu kwa kukigusa na kukiangalia kabla ya kusoma hadithi. Karatasi isiyong'aa, herufi kubwa nyeusi, nafasi kati ya mistari, maandishi yasiwe juu ya picha. Visivyopatikana nanakili mwenyewe kwa maka pen kwenye karatasi kubwa, mistari michache kila ukurasa, wenzie wakubwa wananisaidia. Anakaa mbele pembeni ya dirisha ila kalipa mgongo.

La pili ni hadithi yenyewe. Watu wenye nia nzuri wameniletea vitabu ambavyo mtoto mwenye ualbino yumo ili awindwe na aokolewe. Nilivisoma nikaviweka kwa ajili ya walimu na wazazi. Huyu binti anaijua hiyo hofu kuliko aliyeandika. Nilimtafutia hadithi ya msichana anayefumbua fumbo la mbuzi aliyeibiwa, hakuna ualbino wala nini, msichana mjanja tu. Akaisoma, akairudia, siku hizi kwenye kipindi cha kusoma yeye ndo anaulizwa na wenzie "kipi kizuri?" na anawajibu kwa sababu, anasema hiki mwanzo unachelewa lakini vumilia mpaka wanapofika mtoni. Nilimsikia nikatoka nje kidogo.

Walimu wa kanda ya ziwa nawaomba sana, mtoto mwenye ualbino asipoazima vitabu anza na saizi ya herufi.

Madam KKK:

Ticha ubarikiwe. La karatasi ya kung'aa sikuwa nalijua, kesho naangalia kabati langu lote.

kijana_wa_Malimbe:

Mimi sio mwalimu, nasoma chuo hapa SAUT. Nilisoma msingi Sengerema, mwalimu wetu alikuwa anavuka na kivuko cha Kamanga anarudi na begi la vitabu vya kuazima mjini. Hakuwahi kuniambia kitabu ni kizuri. Anakufungulia, "soma ukurasa wa kwanza hapa hapa", anakuangalia usoni, akiona umefungua wa pili bila kuambiwa anaondoka anakuachia. Ukifunga anakipokea bila neno anatoa kingine. Umeme hatuna, nilikuwa nasoma kwa koroboi mpaka bibi anazima.

mvuvi_mwalimu:

Wakuu nimechelewa ila nina swali la kweli. Nipo shule ya kisiwani, nina kijana darasa la sita akili yake yote ipo kwenye injini za boti. Baba yake ni fundi mwaloni. Hadithi hataki, mashairi hataki. Nimpe nini?

mkutubi_mstaafu:

Mwalimu, anza na kitabu cha maelekezo ya injini chenyewe, kiombe kwa baba yake, michoro ni ile ile anayoishika kila siku. Akwambie kila namba kwenye mchoro ni nini na muandike Kiswahili chake pembeni, hapo umeshapata kipindi kizima cha kusoma na kuandika na yeye ndo mwalimu.

Halafu mpe Liemba. Meli ilijengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikasafirishwa kwenye masanduku mpaka Kigoma ikaungwa upya, mwaka 1916 vitani Wajerumani wakaizamisha wenyewe ziwa Tanganyika isichukuliwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wakazipaka injini grisi nzito. Ikalala chini ya maji, Waingereza wakaitoa 1924, injini zikakutwa bado nzima, na 1927 ikarudi kubeba abiria. Kama huna kitabu chake, andika kurasa mbili kama alivyofanya mwalimu wa Igoma kwa Bayi. Ishia pale kwenye grisi, usimwandikie kama injini ziliwaka. Atakufuata.

mvuvi_mwalimu:

Naandika leo leo. Marahaba... samahani mzee, shikamoo, nimesahau hata kusalimia.